Baada ya Kuajiriwa

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 na kuendelea ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Chukua kalamu upige hesabu. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6, na hakuna binadamu wa namna hiyo. Ili hesabu izae mtu mmoja kamili, mwajiri lazima awe na watumishi 34. Sasa tembea kutoka Kabwe hadi Mwanjelwa, jijini Mbeya, uyatazame maduka ya vitenge, gereji, saluni, mama lishe, mafundi cherehani na mashine za kukoboa mpunga. Ni wangapi pale wana watumishi 34? Kazi nyingi za Nyanda za Juu Kusini ziko mashambani na kwenye vibanda vya watu wawili watatu. Huko asilimia 3 haifiki.

Namba hizo zina umri mkubwa kuliko sheria yetu. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ajira ya watu wenye ulemavu: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3. Ndizo zilezile tulizokuja kuziandika sisi miaka 66 baadaye. Waingereza walitaka askari waliorudi bila mkono au mguu wapate pa kujishikiza, wakatenga hata kazi mbili ziwe za wenye ulemavu peke yao: kuendesha lifti na kulinda maegesho ya magari. Waajiri wengi hawakukifikia kiwango. Waliofikishwa mahakamani katika miaka yote ile walikuwa wachache mno, na sheria nyingine ya mwaka 1995 ikauondoa utaratibu huo. Sisi nasi tulikwisha kuwa na sheria yetu ya mwaka 1982, iliyotaka asilimia 2 kwa waajiri wenye watumishi 50 na zaidi. Kwa hiyo sheria ya 2010 ilipanua wigo, na hilo ni jambo la kushukuru.

Wajerumani walichukua njia iliyo jirani na hiyo, ila waliongeza kitu kimoja ambacho kwangu ndicho kiini cha mjadala wote. Kwao kiwango ni asilimia 5 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi. Asiyekitimiza hulipa tozo kwa kila nafasi aliyoiacha wazi, na fedha hiyo haipotelei hazina. Inarudi kazini: inanunua meza ya kupandishwa na kushushwa, inamlipa msaidizi wa mfanyakazi asiyeona, inamgharimia mkalimani wa Lugha ya Alama kwenye vikao. Yaani sheria ya Ujerumani inamfuata mtu mpaka ndani ya ofisi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1944 ilihesabu vichwa, na ya kwetu, jinsi inavyotekelezwa, nayo inahesabu vichwa.

Swali langu katika makala haya ni hilo tu. Mtu akishaajiriwa, nani anakaa naye? Siku ya kwanza kuna picha, risala na mgeni rasmi. Jumatatu ya wiki ya pili, mashine inapogoma, msimamizi anapotoa maagizo huku amempa kiziwi kisogo, choo kinapokuwa na ngazi tano, nani yupo?

Iringa kuna jibu moja la aina yake. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, Mwingereza mmoja, Susie Hart, alianza kufanya kazi na vijana watatu viziwi wa pale mjini. Walitengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Msomaji asishangae. Tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, kwa hiyo kinyesi chake kimejaa nyuzi za majani na magome. Mafundi hukichemsha kwa muda mrefu, hukisuuza mpaka zibaki nyuzi tupu, huziponda, kisha huzitandaza juu ya chujio ndani ya maji na kuzianika. Inatoka karatasi nzito, yenye mikwaruzo, na watalii huinunua kama kadi na madaftari. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Neema Crafts. Yakaja mambo ya kufuma vitambaa, shanga, ushonaji, mgahawa, nyumba ya wageni na huduma ya tiba ya viungo, na kituo kikafika mahali pa kuajiri watu zaidi ya 100 wenye ulemavu.

Mgahawa ule unastahili kutazamwa kwa makini. Wahudumu ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye kijikaratasi, au anajaribu ishara zilizochorwa kwa ajili yake, na akitaka kuhudumiwa anabonyeza swichi, taa inawaka. Hakuna anayepiga kelele wala kugonga meza. Kila kilichobadilishwa pale ni kitu cha bei ndogo: taa, kalamu, michoro. Lakini mtu aliyekaa akafikiri kwamba pale mwenye shida ya mawasiliano ni mteja, akampangia mteja huyo namna ya kusaidiwa, alifanya kazi kubwa. Mkazi wa Iringa aliyekunywa chai pale anatoka akijua kusema asante kwa mikono. Wangapi wameajiri viziwi madukani mwao baada ya hapo sijui, ila najua kuwa mtu huanza kwa kuzoea.

Njia hii ya karakana si ngeni Afrika Mashariki. Mombasa kuna Bombolulu, iliyoanza mwaka 1969 chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya, ambako mafundi wenye ulemavu hutengeneza vito, mikoba, vinyago na viti vya magurudumu. Mizizi yake ya mbali iko katika misheni za Ulaya. Bethel, huko Bielefeld, ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa, na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh akaijenga juu ya wazo kwamba maskini apewe kazi badala ya sadaka. Wazo hilo lilipanda meli. Lutindi, katika Milima ya Usambara, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, ikageuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na humo kazi za mikono na shamba la chai vimekuwa sehemu ya matibabu.

Leo karakana za namna hii zinapingwa. Mwaka 2022 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ilitoa maelezo rasmi kuhusu haki ya kufanya kazi, ikataka ajira za kuwatenga watu zikomeshwe hatua kwa hatua. Ujerumani ina watu wapatao 300,000 katika karakana zao maalumu, na wengi hupokea posho ndogo isiyokaribia kima cha chini cha mshahara. Kwao lawama hiyo ni ya haki kabisa. Uingereza ilikuwa na Remploy, shirika la umma lililoanzishwa baada ya ile sheria ya 1944, na viwanda vyake vya mwisho vilifungwa mwaka 2013. Wafanyakazi wake waliambiwa sasa watachanganyika na wengine katika ajira za kawaida. Wapo waliopata, na wapo waliobaki nyumbani.

Mimi siko pamoja na wanaoibeza karakana ya Iringa kwa hoja zilizotungwa na kamati hiyo huko Geneva. Kijana kiziwi aliyemaliza Shule ya Viziwi Njombe akarudi kijijini ambako hakuna hata mtu mmoja anayejua Lugha ya Alama ametengwa tayari. Ametengwa na kimya. Mahali ambapo wenzake 50 wanazungumza lugha yake pamemtoa kwenye utengano. Hata hivyo udhaifu wa njia hiyo hauwezi kufichwa. Karakana ni moja, na mkoa ni mkubwa. Bidhaa zake zinasubiri mgeni anayepita Iringa akielekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga viwanja vya ndege duniani, kila biashara iliyosimama juu ya watalii iliyumba. Zaidi ya yote, mtu akitaka kutoka pale kwenda kazi nyingine, hakuna daraja.

Kabla ya kuvuka kwenda Mbeya, nataka kusimama kwenye mapokeo ya Uislamu, kwa sababu yanatajwa kwa haraka mno katika mijadala hii, kana kwamba yote yaliyomo ni sadaka ya Ijumaa. Ni kweli kwamba katika miji yetu Ijumaa ni siku ya watu wenye ulemavu kuzunguka madukani, na mwenye duka huweka sarafu tayari juu ya kaunta. Desturi hiyo imewalisha wengi. Lakini mapokeo yenyewe yana mengine. Ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, alikuwa mwadhini wa Mtume Madina. Kazi ya mwadhini wa alfajiri inategemea kuuona mwanga, naye hakuuona. Hadithi inaeleza kuwa hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kumekucha. Hapo pana kila kitu: kazi ni yake, sauti ni yake, heshima ni yake, na sehemu ndogo asiyoiweza inafanywa na mwenzake kila siku. Mtume alimwachia hata uangalizi wa Madina alipokuwa safarini.

Hadithi nyingine, inayosimuliwa sana misikitini, ni ya mtu aliyekuja kuomba. Mtume aliuza tandiko na bakuli la mtu yule kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha familia, nyingine ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Akamwagiza akakate kuni, asimwone kwa siku 15. Alirudi na dirhamu kumi. Wahubiri husimulia habari hii kukemea kuomba. Mimi naona ratiba. Kuna mtaji, kuna chakula cha kumfikisha siku za mwanzo, kuna chombo kilichowekwa sawa kabla ya kukabidhiwa, na kuna tarehe ya kurudi kuulizwa umefikia wapi.

Tarehe ya kurudi kuulizwa ndiyo inayokosekana Mbeya.

Tangu Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 1, fungu la wenye ulemavu ni milioni 20. Si fedha ndogo kwa mtu aliyekuwa hakopesheki popote. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wa utoaji upitiwe upya, ikarejeshwa mwaka 2024. Utaratibu ulilegezwa pia kwa kundi hili, kwa kuwa kumtaka asiyeona akusanye kwanza wenzake wa mtaa mmoja waunde kikundi, watunge katiba, waandike muhtasari, wafungue akaunti na wapitishe barua kwa mtendaji wa kata ilikuwa ni kumfungia mlango kwa karatasi.

Fikiria sasa kijana wa Mbeya mwenye miguu iliyopooza anayetaka kuendesha bajaji. Jiji lile lina bajaji nyingi, na kazi hiyo inamfaa: anakaa, usukani uko mikononi, gia iko mkononi. Breki iko mguuni. Fundi wa kuchomelea anaweza kuiunganisha na mkono kwa siku moja, akijua anachofanya. Mkopo unanunua bajaji. Nani anampeleka kwa fundi huyo? Nani anazungumza na viongozi wa kijiwe wampe nafasi ya kwanza kwenye foleni, mahali asipolazimika kushuka? Nani anamwona mwezi wa tatu, marejesho yanapoanza kuwa mazito kwa sababu tairi limepasuka? Afisa maendeleo ya jamii wa kata ana vikundi vingi vya kusimamia, na kwa kawaida anakuja tena pale mkopo unapochelewa kurejeshwa. Ufuatiliaji wetu ni wa deni.

Ugumu unaongezeka kwa watu wenye ualbino. Mji wa Mbeya uko kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake inadanganya: mtu hahisi joto, lakini mionzi ya jua kwenye miinuko ni mikali kuliko pwani. Kikundi chenye mwanachama mwenye ualbino kikipewa mkopo wa kulima viazi au kutunza maparachichi, mkopo huo unamweka juani mchana kutwa, na saratani ya ngozi ndiyo inayokatisha maisha ya wengi wao mapema. Katika mnyororo uleule wa parachichi kuna kazi za kivulini: kupanga kwa ukubwa, kufungasha, kutunza hesabu. Mtu mmoja anayezijua kazi na kumjua mwombaji angeuliza swali hilo kabla ya fedha kutoka. Fomu haiulizi.

Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1970, walianza kuupindua utaratibu wa zamani uliokuwa ukisema fundisha kwanza, kazi baadaye. Mwalimu Marc Gold aliwafundisha watu wenye ulemavu wa akili, walioitwa hawafundishiki, kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande vingi, kipande baada ya kipande, akaonyesha kuwa tatizo lilikuwa katika ufundishaji. Likazaliwa wazo la kumweka mtu kwenye kazi halisi yenye mshahara halisi, na kumpa mtu wa kusimama naye hapohapo mpaka aizoee, kisha apunguze kuja kidogo kidogo. Mwaka 1986 wazo hilo likaingia katika sheria ya nchi. Katika miaka ya 1990 Robert Drake na Deborah Becker walilitengenezea utaratibu kwa ajili ya watu wenye magonjwa ya akili, na majaribio katika nchi nyingi yameonyesha kuwa wanaopitia njia hiyo hupata ajira takriban mara mbili ya wanaoanzia kwenye mafunzo ya maandalizi. Huyu msindikizaji anamsaidia mwajiri vilevile. Msimamizi anapata mtu wa kumpigia simu.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Nawakatalia, kwa kuwa jambo lenyewe tunalo. Ufundi wa Mbeya na Iringa haukujengwa na vyuo pekee. Umejengwa na kijana kukaa na fundi wake, akianza kwa kufagia na kushika taa, akipewa kazi kubwa zaidi kila mwezi, huku fundi akiwa hatua mbili nyuma yake. Hivyo ndivyo watu wanavyojifunza useremala, makanika, kusuka nywele, kushona. Serikali yenyewe imeliona hilo: kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi, Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikigharimia mafunzo ya uanagenzi, na VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mitaani kwa kuwapima na kuwapa vyeti. Tena nyumbani pia tunajua. Familia ya Kihehe au ya Kinyakyusa yenye mtoto asiyeona haikungoja sera ya taifa ya mwaka 2004 kumwonyesha kwa mkono namna ya kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kumlea mdogo wake. Kasoro ya familia ni kuishia hapo. Kwa mapenzi yao na kwa hofu yao humwekea mtoto mpaka wa ua, na akifika miaka 30 bado anapukuchua mahindi.

Kwa hiyo ukiyapanga mapokeo haya pamoja unaona kila moja lina kipande. Sheria ina nguvu ya kumlazimisha mwajiri, lakini haina miguu ya kuingia kazini. Karakana ya misheni imejua kulitengeneza eneo la kazi limfae mtu, lakini haijaweza kumvusha nje. Halmashauri ina mtaji. Fundi wa mtaani ana subira na ujuzi wa kufundisha mtu mmoja mmoja, ila hajawahi kufundishwa namna ya kumfundisha kiziwi, na hakuna anayemlipa kwa muda wake. Sensa ya mwaka 2022 imeonyesha kuwa zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi mwenye umri wa miaka 7 na kuendelea nchini ana ulemavu wa namna fulani. Kundi la ukubwa huo haliwezi kuachiwa bahati ya kukutana na mtu mwema.

Fungu la asilimia 2 ni la mikopo, na lisiguswe. Ninachoomba ni nyongeza. Halmashauri ya Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa ziajiri kila moja watu wachache, wakiwemo wenye ulemavu wenyewe, kazi yao ikiwa kumtafutia mtu nafasi, kuzungumza na fundi au mwajiri, kukaa kazini siku za mwanzo, na kurudi kwa miezi sita. Angalau mmoja wao awe anaijua Lugha ya Alama barabara. Wapelekwe kwanza Neema Crafts wakajifunze, kwa kuwa ujuzi wa miaka 20 wa kumpangia kila mtu kazi yake uko pale, Iringa, na hauhitaji kuagizwa kutoka nje. Programu ya uanagenzi nayo imlipe fundi zaidi anapompokea mwanafunzi mwenye ulemavu, maana muda wake ni fedha. Vyama vya watu wenye ulemavu, yaani CHAVITA cha viziwi, TLB cha wasioona na wenzao ndani ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, vipewe nafasi ya kuchagua na kuwapima watu hao, vikiwa na haki ya kusema huyu hatufai.

Nawe mwajiri mwenye watumishi watatu, ambaye sheria haikugusi: ukimpokea kijana kiziwi, mlipie mtumishi wako mmoja ajifunze Lugha ya Alama, na umweke kijana huyo mahali anapoziona nyuso za wenzake. Ukimpokea asiyeweza kupanda ngazi, mpe kazi na meza kwenye ghorofa ya chini. Mpe muda uleule uliompa yule wa kwanza aliyekuharibia vitambaa vingi kabla hajajua kukata.